Kadi Iliyobaki Tumboni

Faraja,

Marahaba. Najua leo hukuniamkia, na kesho ukiamka na haraka zako hutaniamkia pia, kwa hiyo naitikia mapema kabisa. Bibi husema nakulea vibaya kwa kukubali kusalimiwa "mambo" na mtoto wa darasa la tatu. Lakini mimi mwenyewe bado naona aibu mtu akiniambia shikamoo. Najikuta nageuka nyuma kuangalia anaamkiwa nani.

Umelala mdomo wazi. Shangazi yako amelala kwenye kochi sebuleni, amejifunika hadi kichwani kwa sababu ya mbu wetu wa Mbwawa, na begi lako liko mlangoni limevimba. Mambo ya sweta, ya kutokunywa soda kabla ya kupanda basi, ya kuwaamkia watu wa Njombe bila kusubiri kukumbushwa, Bibi ameshakuambia mpaka ukaziba masikio. Sitayarudia. Nakuandikia kwa sababu ya kitu nilichokiona ndani ya hilo begi jioni.

Ulikuwa umeweka lile gauni jekundu la mama yako. Umelikunja vizuri, umelificha chini ya madaftari. Nikakuuliza, "Hili la nini? Halikutoshi hili."

Ukanijibu bila kugeuka, unapanga kadi zako sakafuni. "La Mama. Alisafiri bila nguo. Si na mimi nasafiri? Nitamkuta huko."

Nikasema, "Ee."

Hilo ndilo jibu nililotoa, mwanangu. Ee. Halafu nikatoka nje kama mtu anayekwenda kuanua nguo, na kwenye kamba hapakuwa na nguo hata moja. Nikasimama pale nimeshika vibanio.

Nakuita mwanangu ingawa nina miaka kumi na minane na sijazaa. Wewe ni mtoto wa dada yangu, na mtoto wa dada ni mtoto wako, hakuna wa kubishana na hilo hapa nyumbani. Sekondari tulifundishwa kwamba Kiingereza kina neno moja tu kwa shangazi na mama mdogo. Mwalimu aliliandika ubaoni, nami nikaliandika, nikapata vema, lakini nikabaki naliangalia lile neno kama mtu aliyepunjwa. Shangazi aliyelala kwenye kochi ni dada wa baba yako. Anakupenda, nimemwona anavyokukata kucha. Lakini mimi ni Mamdogo wako. Kesho anakuchukua yeye, mimi nabaki, na kuna jambo ambalo sikukuambia wakati nilikuwa na miaka zaidi ya miwili ya kukuambia.

Ili unielewe lazima nianzie kwenye kadi.

Unajua mimi si mtu wa kusema. Kidato cha pili mwalimu alikuwa akinisimamisha nisome, nasoma mpaka mwisho, kisha anauliza, "Debora, utaanza lini?" Darasa linacheka. Mapumziko nilikuwa nakaa nyuma ya maktaba peke yangu. Siku moja nikakuta wenzangu wanne wamekaa hapo hapo wanacheza kadi. Si karata za kopa na shupaza. Zilikuwa kadi zenye picha, za Kiingereza, mjomba wa mmoja wao alizileta kutoka ng'ambo. Kulikuwa na mazimwi yenye mabawa yanayotema moto, farasi mwenye pembe moja, wachawi wenye kofia ndefu, misitu yenye theluji. Kila kadi ina namba za nguvu na maneno madogo chini yanayosema inaweza kufanya nini. Walikuwa wanahitaji mtu wa kuwasomea hayo maneno madogo. Nami kusoma kimyakimya ndicho kitu pekee nilichokuwa nakiweza kuliko wao.

Basi nikapata marafiki bila kufungua mdomo sana. Nanyooshea kidole, nasema "hii inakufa," wanalalamika, tunaendelea.

Siku moja nikamuuliza mwenye kadi, huyu farasi mwenye pembe aliyemtunga ni nani. Akasema, "Hakuna aliyemtunga. Hizo ni hadithi zao za watoto, za kulalia. Walizikuta tu, wakaziwekea namba."

Nilirudi nyumbani na hilo neno. Kumbe na wao walikuwa na watu wa kuwasimulia. Kumbe vitu vyote vile vya ajabu, mazimwi na wachawi na misitu, vilitoka mdomoni mwa mtu fulani aliyekaa na mtoto kitandani, kama nilivyokuwa nakaa mimi na mama yako.

Maana wewe unamjua mama yako Yunisi msusi, mwenye kitana nyuma ya sikio. Mimi namjua Yunisi mwingine. Bibi yako, yaani mama yangu, alikuwa akishona mpaka usiku kule Maili Moja, sare za shule zikikaribia ndiyo kabisa, na aliyekuwa ananilaza ni dada. Taa ikizimwa tu, naisikia sauti yake: "Hadithi, hadithi." Nami naitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Nisipoitikia hasemi hata neno. Nilikuwa najifanya nimelala nimchokoze, ananyamaza, ananyamaza, mpaka nashindwa mwenyewe. Alijua kulia kama fisi. Alijua kuongea kama kobe aliyepasuka gamba. Na alikuwa na Zimwi la bondeni, linalomeza watu wanaokwenda kuteka maji Ruvu, linameza na ndoo zao, linameza na mbuzi, mpaka kijiji kinabaki na mtoto mmoja wa kike. Huyo mtoto analishinda kwa wimbo. Na Zimwi likiwa linakufa linamwambia, "Mwanangu, nikate kidole changu cha mwisho." Anakata. Wote wanatoka. Na ndoo zao, na mbuzi wao, wanauliza, "Mbona kumekucha?"

Hapo kwenye "mbona kumekucha" ndipo nilikuwa nalala.

Alipougua, wewe ulikuwa chekechea. Alipelekwa hospitali mwanzoni mwa juma, na hakurudi. Wakubwa walikaa chini wakaamua wewe ubaki kwa jirani wakati sisi tunampeleka Kisarawe, kwenye shamba la babu, kule mlimani kwenye mikorosho. Tulipita njia ya Mlandizi na Mzenga. Mjomba aliniita niwe msomaji wa wasifu wa marehemu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa sekondari. Nikasimama na karatasi. Sauti haikutoka, Faraja. Watu walinisubiri, mtu mmoja akakohoa, na mjomba akaichukua karatasi taratibu mkononi mwangu akaisoma yeye. Ikasemwa kwamba Yunisi alipenda kazi na alipenda ibada. Hakuna mahali paliposemwa kwamba alijua kulia kama fisi. Mimi ndiye niliyepaswa kuliandika hilo, na nilipaswa kulisema.

Tuliporudi ulikuja mbio mpaka kwenye geti. Ukauliza, "Mama yuko wapi?" Bibi akaangalia chini. Jirani, aliyekuwa amekaa nawe, akasema kwa sauti ya furaha kabisa, "Mama amesafiri!" Ukanigeukia mimi. "Amesafiri kwenda wapi, Mamdogo?"

Nikasema, "Mbali."

Nilikuwa nimetoka kushindwa kusema mbele ya watu wengi, nikashindwa tena mbele ya mtu mmoja mdogo aliyevaa ndala moja.

Kadi nilianza kuzitengeneza baada ya hapo, likizo ile ndefu, kwa sababu ulikuwa hulali. Nilikata maboksi ya nyuzi ya Bibi. Unakumbuka kelele zake? "Nani kakata boksi na mkasi wangu wa kitambaa? Mkasi ukishaonja karatasi haukati tena kitambaa, unatafuna tu!" Wewe ukasema, "Ni Sungura." Bibi akajibu, "Na huyo Sungura leo hali." Tukala wote, lakini tangu siku ile tulitumia wembe.

Kadi za kwanza zilikuwa mbovu. Nilikuwa naiga zile za Kiingereza. Fisi nikampa nguvu sita, Simba tisa, Sungura mbili. Nikamwonyesha Bibi akiwa kwenye cherehani, anapinda suruali ya mtu. Akazitazama juu ya miwani.

"Sungura ana mbili za nini?"

"Za nguvu, Mama. Akipigana na Simba anakufa."

"Sasa angekuwa na nguvu za kupigana," akasema, "angekuwa na haja gani ya kusema uongo?" Akarudi kwenye suruali yake. Baadaye akaongeza, "Na Simba mpunguzie. Katika hadithi zote nilizosikia sijawahi kumwona Simba akishinda."

Nikazichana. Usiku nikalala nikiwaza: kwetu hakuna anayeshinda kwa mabavu. Mtu anashinda kwa neno, kwa wimbo, au kwa kuwa mdogo kiasi cha kutoonekana. Basi kadi zetu zisiwe na namba. Ziwe na vitu vya kusema. Ndivyo tulivyopata ule mchezo tuliouita Njoo. Kila anayetaka kutoa kadi lazima aseme "Hadithi, hadithi," na mwenzake akubali, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea." Ukimwimbisha Kobe lazima uimbe kweli. Na ukimtoa Sungura lazima umdanganye mwenzako kitu usoni, bila kucheka. Akiamini au akicheka yeye, umeshinda. Ukicheka wewe, Sungura ameliwa.

Mimi niliyekuwa sisikiki darasani, nilikuwa nakaa na wewe kwenye mkeka naimba sauti ya kobe. Na wewe ulikuwa mwongo wa kutisha.

"Mamdogo, usigeuke. Mchungaji yuko mlangoni na amekuona umevaa shuka."

"Hayupo."

"Anasema, Bwana asifiwe."

Nikageuka. Ukaangua kicheko mpaka ukalala chali, nami nikabisha kwamba umecheka kwa hiyo Sungura ameliwa, nawe ukabisha kwamba umecheka baada ya kushinda, na Bibi akatoa hukumu kutoka chumbani: "Wote mmeshindwa. Zimeni taa."

Haya, sasa sehemu yenyewe.

Katika ule mchezo wa Kiingereza, kadi ikifa inawekwa pembeni, mahali ambapo pana jina. Jina lake kwa Kiswahili ni makaburini. Wenzangu walikuwa wanalitamka kwa Kiingereza hata hawalisikii. "Weka makaburini, zamu yangu." Lakini siku nilipokuwa nachora kile kitambaa chetu cha kuchezea, kile kipande cheupe alichotupa Bibi, niliandika "Mkononi" upande wa chini, nikaandika "Uwanjani" katikati, kisha nikafika pembeni. Ulikuwa umeniegemea begani unasoma kila herufi, maana ndiyo kwanza umejua kusoma na ulikuwa unasoma hata pakiti za chumvi. Nikaandika M, nikaandika A. Ukasema, "Ma."

Nikaona ukiendelea hivyo utafika "kaburi," na utaniuliza kaburi ni nini, nami ndiyo kwanza nimetoka kwenye moja. Nikalifuta kwa mate. Nikaandika Tumboni.

"Tumboni mwa nani?"

"Mwa Zimwi. Kadi ikishindwa, Zimwi linaimeza."

Ukafurahi. Ukauliza kama wanaona giza mle. Nikasema wana kibatari. Ukauliza kama wana chakula. Nikasema Zimwi linakula sana, chakula kipo.

Lilikuwa neno moja tu, Faraja. Nililiona ni dogo, nikaona hata ni zuri, linafanana na hadithi kuliko lile la Kiingereza. Lakini mtu akiwekwa kaburini mchezo unajua kwamba amekwisha. Aliye tumboni bado anasubiri. Na ukishaandika Tumboni, huwezi kuacha kutengeneza kadi ya Kidole, kwa sababu wewe mwenyewe ulinidai: "Na wanatokaje?" Nikaitengeneza. Kidole cha Mwisho: aliye nayo akilishinda Zimwi, wote waliomezwa wanarudi mkononi. Nimecheza ile michezo ya Kiingereza miaka miwili nzima, na najua kabisa kwamba mchezo ambao kila kadi inarudi hauna mwisho. Kitu cha kwanza mtengenezaji anachojifunza ni hicho, lazima kuwe na kitu kinachopotea. Nililijua hilo, lakini nikakutengenezea wewe mchezo ambao hakuna kinachopotea.

Halafu ukachora kadi ya Mama. Uliichora mwenyewe, kwa penseli na kalamu nyekundu ya Bibi ya kuwekea alama vitambaa. Gauni jekundu, kitana nyuma ya sikio, vidole vingi kuliko inavyotakiwa. Nikakuuliza kadi hii inafanya nini. Ukafikiri kidogo, ukasema, "Anasuka. Anasuka kadi mbili zinakuwa moja." Ni kanuni nzuri kuliko zote za mchezo wetu. Sungura akisukwa na Kobe, Simba hana la kufanya.

Lakini hukumpanga pamoja na wengine. Ulimweka moja kwa moja Tumboni, kabla hatujaanza hata kucheza. Nikasema, "Mbona umeanza na kumezwa?" Ukasema, "Si amesafiri?"

Toka siku ile, kila mchezo unaanza na Mama akiwa Tumboni. Na kila mchezo, nisikilize vizuri, kila mchezo mimi ndiye niliyekuwa nachanganya kadi, na nilikuwa nahakikisha Kidole hakikufikii. Nilikuwa naificha chini kabisa. Unakumbuka ulivyolalamika, "Mbona Kidole hakitoki, Mamdogo, au kimepotea?" Nilikuwa naogopa Mama akitoka kwenye kadi utageuka kuangalia mlangoni.

Nimejiuliza jioni hii yote kwa nini. Nimekuwa nikijiambia kwamba nilikuhurumia, ulikuwa mdogo. Si kweli yote. Ukweli mwingine ni kwamba nilipenda kukusikia ukisema "Mama akirudi." Mama akirudi tutamwonyesha jino. Mama akirudi atanisuka ya mkia. Hapa nyumbani kulikuwa na mtu mmoja tu ambaye kwake Yunisi alikuwa bado hai, na huyo alikuwa wewe, na mimi nilikuwa nakuja kukaa karibu na wewe kama mtu anayekuja kuota moto. Ningekuambia, moto ungezimika kwetu sote. Nilikuacha uwe unamsubiri kwa niaba yangu. Mtoto hapewi kazi kama hiyo.

Na kuna tofauti ambayo nimeiona leo tu, nikiwa pale kwenye kamba na vibanio vyangu. Dada alipokuwa akinisimulia, alinisubiri niseme "uongo njoo." Uongo wa hadithi unaitwa. Anayeupokea ndiye anayeukaribisha, anajua ni nini, anataka ukolee. Alikuwa yuko tayari kukaa kimya gizani mpaka niitikie. Sisi wewe hatukukuuliza. Tulisema "amesafiri" mchana kweupe, getini, bila hadithi hadithi, nawe ukaupokea kama unavyopokea maji ya kunywa.

Sasa unaondoka. Matokeo yangu yametoka, nakwenda kidato cha tano bweni, na Bibi na miguu yake hawezi kubaki nawe peke yake na cherehani. Baba yako alipiga simu kutoka Njombe, akasema kwa adabu kabisa kwamba ana nyumba, ana mke mwenye roho nzuri, na shule iko karibu. Si mtu mbaya, Faraja. Alikuwa analia kwenye simu. Wote wamekubaliana vizuri, na kila mmoja anakuambia unasafiri, unasafiri, wanafurahi kwamba hulii. Shangazi amesema tena wakati wa kula, "Jamani huyu mtoto jasiri." Wewe hulii kwa sababu unadhani kila anayesafiri anakwenda kule kule.

Nilipoanza kuandika nilitaka barua hii niifiche kwenye boksi la kadi, uikute Njombe. Ndiyo njia ya mtu kama mimi. Lakini nimefika hapa nimekuona kabisa: umeshuka kwenye basi usiku, baridi, watu wengi wanakukumbatia, na wewe unachungulia kila sura, mmoja mmoja, unatafuta. Umeshika gauni. Siwezi kuiachia karatasi kazi hiyo. Asubuhi kabla hujaoga nitakaa kitandani kwako nikuambie kwa mdomo. Sijui nitaanzaje. Nimejaribu hapa kwa kunong'ona, Mama yako amekufa, na sauti imekwama pale pale ilipokwama Kisarawe.

*

Naongeza haya asubuhi. Uko bafuni, Bibi anakusugua, nawasikia. Nataka kuyaandika kabla sijayasahau, kwa sababu ukiwa mkubwa unaweza kunikumbuka kama mtu aliyefanya vizuri kuliko nilivyofanya.

Nilikugusa bega, ukafumbua jicho moja. Ukasema, "Basi limekuja?" Nikasema bado. Nikakaa. Nikakwama. Na kwa kuwa nilikwama, mdomo wangu ukafanya yale uliyozoea. Nikasema, "Hadithi, hadithi."

Ukatabasamu na usingizi wako. Ukaanza, "Hadithi nj..."

Nikakuwekea mkono mdomoni. Nikasema, "Usiitikie. Hii siyo hadithi. Nisamehe, usiitikie."

Halafu nikasema. Nilisema kwa sauti ndogo, lakini ulisikia. Nilisema Mama hakusafiri. Mama aliugua akafa, na tukamzika, na Njombe hayupo.

Hukulia. Ulikaa ukanitazama kama unavyonitazama nikimtoa Sungura, unatafuta nitacheka wapi. Sikucheka. Ukauliza, "Bibi anajua?"

"Anajua."

"Shangazi?"

"Anajua."

"Na Baba?"

"Anajua, mama."

Ukasema, "Kumbe ni mimi tu."

Hapo ndipo ulipolia, nami nikalia, na Bibi akaja akasimama mlangoni na kanga yake, akaelewa, akakaa chini sakafuni na miguu yake ile, yeye ambaye hajakaa sakafuni siku nyingi. Shangazi naye alikuja, akarudi taratibu, akaenda kuwasha jiko. Namshukuru kwa hilo.

Baadaye ukauliza, "Hata kwa Kidole?"

"Hata kwa Kidole."

"Sasa yuko wapi?"

"Kisarawe. Shambani kwa babu. Kuna msalaba, kuna mkorosho, ukisimama pale unaona mlima."

Ukashuka kitandani. Ukatoa boksi la kadi kwenye begi, ukakitandika kile kitambaa sakafuni, ukaniomba kalamu hii hii ninayoandikia. Ukakata neno Tumboni, mistari mingi, mpaka kalamu ikatoboa. Ukaandika pembeni yake, herufi moja moja, ulimi nje: Kisarawe. Kadi ya Kidole ukanipa mimi. Ukasema, "Kaa nayo. Haina kazi."

Nikakuuliza, maana nilikuwa naogopa kunyamaza, "Na kadi ikienda Kisarawe, inarudi?"

"Hairudi." Ukafuta pua kwa mkono. Ukafikiri, ile sura yako ya kutunga kanuni. "Ila mtu anaweza kwenda kuiangalia."

"Mara ngapi?"

"Kila mchezo mara moja."

Gauni umelirudisha kwenye begi, sikukuuliza. Sasa Bibi anakuita uje upakwe mafuta, na Shangazi anasema chai inapoa. Ukirudi likizo, Faraja, tutapita njia ya Mlandizi mpaka Kisarawe, mimi na wewe, na zamu ya kwanza ni yako.

Mamdogo wako,
Debora